Shule ya Kwanza ya Mama Mafundo

Mlango wa ofisi ya Mfuko wa Matibabu ulikuwa na ugomvi na Mama Mafundo. Kila alipokuja aliusukuma, nao ukagoma. Akaongeza bega, ukagoma vilevile. Mlinzi aliyeketi ndani kwenye kiti cha plastiki alimtazama kupitia kioo, akamwonyesha kwa kidole kibandiko chekundu kilichokuwa mbele ya pua yake, halafu akachoka mwenyewe, akainuka kumfungulia.

"Mama, kila ukija tunapigana mieleka na mlango. Si imeandikwa hapo?"

"Macho, baba. Macho yameniishia."

Na kweli yalikuwa yanamwishia. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida iliyomleta, na kwa upande mwingine ndiyo iliyokuwa pona yake, maana uongo alioishi nao tangu ujana sasa ulikuwa umepata cheti cha daktari.

Tuseme mapema ili tusizungushane. Mama Mafundo alikuwa hajui kusoma. Si kwamba alisoma akasahau, wala si kwamba alisoma kwa kubabaisha. Hakujua hata herufi moja inaanzia wapi. Tarakimu alizitambua kwa sura tu, kama mtu anavyowatambua majirani asiosalimiana nao. Na jambo hili hakulijua mtu. Mumewe hakulijua, binti yake hakulijua, wateja wake hawakulijua. Ndivyo alivyoamini, na katika imani hiyo alizeeka.

Alikuwa fundi cherehani, na jina la Mama Mafundo lilitokana na namna yake ya kupima. Futi ya kupimia aliivaa shingoni kama mafundi wengine, lakini ilikuwa pambo. Mteja akija, alimzungushia kamba nyembamba, akapiga fundo moja kwa mabega, mawili kwa kifua, matatu kwa kiuno, kisha akaifunga kwenye kipande cha kitambaa cha mteja huyo na kuitundika kwenye msumari. Ukuta mzima ulijaa kamba. Watu walidhani ni ufundi wa kizamani aliorithishwa, wakausifu, naye akauacha usifiwe. Na walipenda jambo moja zaidi: kamba ya Mama Mafundo haikumsema mtu. Kwa mafundi wengine ungekuta daftari wazi mezani, kila mwenye macho anasoma nyonga za mwenzake. Kwake ungezitazama kamba zile mpaka kesho, usijue ya nani imenenepa. Siku moja alikuja mwanamke mmoja na sauti ya asali, akitaka kujua kama kiuno cha wifi yake kimeongezeka tangu gauni la mwisho.

"Kiuno cha mtu ni cha mtu," Mama Mafundo alimjibu. "Wewe simama nikupime chako."

Kwa hiyo msije mkadhani alikuwa mgeni wa mambo ya siri. Siri alizilinda vizuri, na iliyokuwa ya kwanza ilikuwa yake.

Uongo wenyewe aliuanza siku za uchumba. Mkwewe alikuwa mwanamke wa majigambo. Kwa kuwa mwanawe alikuwa ameajiriwa idara ya maji kusoma mita, mama huyo alitangaza kwamba kijana wake hawezi kuoa mtu asiyejua kushika kalamu. Msichana akaulizwa amesoma wapi. Akasema, "Shule ya Mlimani." Shule ya Mlimani aliijua sana. Aliipita kila asubuhi na ndoo kichwani, akasimama chini ya dirisha kusikiliza watoto wakiimba hesabu, kisha akarudi nyumbani kulea wadogo zake, kwa kuwa mama yao alikuwa mgonjwa wa kitandani. Alijua sauti ya kengele yake. Alijua mwalimu gani alikuwa mkali na nyimbo gani ziliimbwa wakati wa kutoka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilikuwa ndefu, tena na kivuli pande zote mbili.

Na mume aliyempata! Msoma Mita, kama mtaa ulivyomwita, alisoma mita za maji nyumba kwa nyumba kutwa nzima, na akirudi nyumbani ungedhani zamu haijaisha. Alisoma kila kitu kwa sauti. Alisoma gazeti kuanzia kichwa cha habari mpaka matangazo ya vifo. Alisoma maelezo ya dawa, pakiti ya chumvi, ankara za watu. Wakitembea pamoja alisoma vibao vya maduka. Wakifika mlangoni alisoma mlango: "Vuta," au "Sukuma," kwa sauti kavu isiyo na mzaha.

"Ananiamrisha kama punda wa mkokoteni," Mama Mafundo alimlalamikia dada yake. "Nimeolewa na redio isiyotaka betri."

Mara moja tu alimkuta anasoma kimya. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba peke yake, gazeti mapajani, midomo imefungwa, macho yakipita mistarini. Mama Mafundo alishtuka, akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Unaumwa?"

Msoma Mita akacheka mpaka akakohoa. Kisha akarudi mwanzo wa ukurasa, akaanza upya kwa sauti, kidole kikitembea chini ya maneno.

Alikuwa na jambo jingine lililomkera mkewe. Hakuweza kabisa kupindisha kitu alichotakiwa kukiandika. Jirani akija kumwomba apunguze kidogo kwenye mita, kwa ujirani mwema, alimpa chai na kumjibu kila mara vilevile: "Mita inaandikwa ilivyo, si unavyotaka." Walipoteza marafiki kwa sentensi hiyo.

Alipofariki, nyumba ikanyamaza. Mama Mafundo, ambaye kwa miaka alikuwa ameomba kelele zile zipungue, alijikuta akikaa mezani asubuhi na chai inayopoa, akisubiri mtu amsomee pakiti ya chumvi. Alimkosa mumewe vibaya sana, na zaidi ya yote alikosa kelele.

Halafu macho yakaanza. Kwanza uzi ulikataa kuingia sindanoni. Baadaye akashona mkono wa shati ndani nje, mteja akalivaa mpaka njiani. Hospitali wakamwambia ni mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba yanatibika: daktari bingwa wa kuzunguka angekuja wiki inayofuata, akae siku chache, aende zake hadi mwaka mwingine. Kilichotakiwa ni Mfuko kuithibitisha kadi yake. Kwenye kadi hiyo alikuwa amesajiliwa na marehemu mumewe, kama mke wa mtumishi.

"Hilo dogo," alisema binti yake. Binti alifundisha watoto wa chekechea, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mama yake akiwemo. "Nitapiga simu."

Akapiga. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa wema mtupu. Sauti ya simuni ilisema inataka kuzungumza na mwenye kadi. Mwalimu, kuokoa muda, akaifanya sauti yake iwe nzito na ya kizee, akasema ndiye yeye. Akaulizwa swali la usalama: shule ya kwanza uliyosoma ni ipi? Akacheka moyoni kwa urahisi wake. Shule ya Mlimani. Jibu si sahihi. Akarudia, akaongeza na neno "Msingi." Jibu si sahihi. Simu ikakatwa na jalada la mama yake likafungwa.

"Mama, nisamehe," alisema jioni ile. "Lakini mbona jibu lilikataliwa? Si Mlimani?"

Mama Mafundo aliinamia cherehani isiyokuwa na kazi juu yake.

"Ndiyo Mlimani," akasema. "Kwani nina shule ngapi?"

Moyoni alikuwa amepigwa na butwaa. Swali lile aliandikisha mumewe, na jibu aliandika mumewe. Mumewe alijua Mlimani. Sasa Mlimani ilikataliwaje?

Basi wakaja wenyewe. Msichana wa kaunta alikuwa mpole, na upole ule ndio uliomchanganya zaidi mama wa watu. Mgomvi unajua utamjibu nini. Alimwomba aweke kidole cha shahada kwenye mashine. Mashine ikalia. Wakaweka cha pili, cha tatu, vyote. Wakavifuta kwa spiriti, wakavikausha kwa karatasi. Mashine ikaendelea kulia. Miaka ya sindano na pasi ya moto ilikuwa imevilainisha vidole vile, hakuna mstari uliobaki.

"Mashine haikutambui, mama."

"Na wewe?"

"Mimi nakuona, mama. Ila kukuona si kukutambua."

"Picha yangu si hiyo hapo kwenye kompyuta? Si mimi huyo?"

"Inafanana na wewe."

"Inafanana!" Mama Mafundo aligeuka kumtazama Mwalimu, kana kwamba binti yake angeweza kumhakikishia kwamba yupo. "Mwanangu, mimi nimejizoea muda mrefu sasa. Nikikwambia ni mimi, ni mimi."

"Tunakulinda wewe mwenyewe, mama. Humu kuna habari za ugonjwa wako, za nyumba yako, za familia. Mtu anaweza kuja akajifanya wewe."

"Nani atake kujifanya mimi, na magoti haya?"

Msichana akajizuia asicheke. Akapunguza sauti. "Na kuna mtu alijaribu, mama. Wiki hii hii. Jalada linaonyesha."

"Huyo si mwizi, ni huyu binti yangu hapa!"

"Sijasema ni nani, mama. Siruhusiwi kusema ni nani."

"Lakini ninakwambia mimi!"

"Na mimi siwezi kukujibu, kwa sababu bado hatujajua kama wewe ni wewe."

Kichwa kilimzunguka Mama Mafundo. Siri alizozijua yeye zilikuwa na mlango mmoja: unajua, unanyamaza. Za hapa zilikuwa zimefungiwa ndani na mwenyewe kaachwa nje. Akapewa miadi kwenye Chumba cha Uhakiki, siku mbili kabla ya daktari bingwa kufika. Ataulizwa swali mara moja, akiwa peke yake. Akikosa, jalada litapelekwa makao makuu, na huko, msichana alisema kwa upole uleule, huchukua miezi.

Wakati wa kutoka, Mama Mafundo alisimama kando ya mlango akijifanya anapanga mkoba, mpaka mtu mwingine alipotoka, akamfuata. Ndivyo alivyotoka kwenye milango yote ya kioo tangu alipofiwa.

Nyumbani Mwalimu alikuwa amekwisha kulitatua fumbo. Alilitatua kwa uhakika wa watu waliozoea kusahihisha.

"Baba aliweka shule yake. Ndivyo wanaume wanavyofanya, mama. Wanajaza fomu ya mke wanajijaza wenyewe. Baba alisoma Bondeni, si ndiyo? Basi jibu ni Bondeni."

"Baba yako?"

"Alikuwa kazini, ana haraka, foleni ndefu. Wewe sema Bondeni. Rudia nikusikie."

"Bondeni," Mama Mafundo akarudia, kama mtoto wa chekechea.

Lakini usingizi ulikuja kwa shida. Msoma Mita na haraka? Mtu aliyekuwa akirudi nyumba ya tatu mtaani kuangalia upya tarakimu moja? Alijigeuza upande huu, akasema Bondeni. Akajigeuza upande ule, akasema Mlimani. Asubuhi alipoamka hakujua amesoma wapi, yeye ambaye hakusoma popote.

Siku ya miadi Mwalimu alimvutia mlango kabla hajaanza mieleka yake, na mlinzi akashukuru. Chumba cha Uhakiki kilikuwa mwisho wa ukumbi, chumba kidogo chenye meza moja na viti viwili, kisicho na dirisha la kutazama nje. Mwalimu alitaka kuingia pia.

"Samahani, dada," alisema afisa, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoshikiliwa na mnyororo. "Anaingia mwenye jalada tu."

"Ni mama yangu. Haoni vizuri."

"Ndiyo maana nitamshika mkono mimi."

Mlango ukajifunga polepole nyuma yao. Sauti za ukumbi zikakatika. Mama Mafundo aliketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kabla hatujaanza, soma hapa, kisha uweke dole gumba." Afisa akamsogezea karatasi.

"Macho, mwanangu," Mama Mafundo akasema. Neno lilitoka lenyewe, limezoea njia.

"Usijali. Nakusomea."

Akaisogeza karatasi katikati yao, akaanza. Alisoma kwamba atakachosema humu hakitasemwa nje. Kwamba hata afisa akilifungua jalada lake bila sababu, kompyuta huandika jina la afisa huyo, naye huulizwa. Alisoma bila haraka, na kidole chake kilitembea chini ya maneno.

Mama Mafundo hakusikia tena kinachosomwa. Alikuwa akikitazama kile kidole. Kwa macho yake mabovu kilikuwa ukungu tu unaosogea, lakini mwendo wake aliujua. Alikumbuka Msoma Mita nyuma ya nyumba, gazeti mapajani, kimya. Akiwa peke yake, mume wake alisoma kimya. Kidole kile na sauti ile havikutoka mpaka yeye alipokaribia.

Kwa nini?

Na hapo likamjia jambo ambalo hakuwa amelifikiria tangu wakiwa maharusi wapya. Mumewe aliwahi kumwachia karatasi mezani, imeandikwa maneno machache. Yeye aliikunja akachomekea pini zake za kushonea. Mume akarudi usiku sana, akamkuta amenuna, chakula kimepoa.

"Hukuiona karatasi? Nilikwambia nitachelewa."

"Niliiona," alijibu, kwa ukali, ili asiulizwe zaidi.

Msoma Mita alizitazama zile pini kwenye ile karatasi. Kisha akamtazama yeye. Halafu akasema pole, akala chakula chake baridi. Tangu siku ile hakumwandikia tena. Akiwa na la kusema alirudi nyumbani kwa miguu kulisema, hata juani, na mkewe akamwona mtu asiye na kazi. Na kelele zile za kusoma, Mungu wangu, zilianza lini? Alijaribu kukumbuka mwezi wa kwanza wa ndoa na pakiti ya chumvi iliyosomwa, hakuikumbuka. Mwanzoni nyumba ilikuwa kimya.

"Mama? Umenielewa?"

"Nimekuelewa," akasema, ingawa hakuelewa kitu.

"Haya. Utaniambia jibu lako, nitaliandika na kulifunga. Likishafungwa ndipo mimi nitaonyeshwa lililoko kwenye jalada, nilinganishe. Kabla ya hapo silijui, kwa hiyo usiniombe msaada. Uko tayari?"

"Bado," Mama Mafundo akasema.

Afisa akasubiri. Hakutazama saa.

Kichwani mwake palikuwa vurugu tupu. Bondeni, alisema Mwalimu, na Mwalimu amesoma. Akikosa, daktari ataondoka, na kabla hajarudi mwakani yeye atakuwa kipofu, kamba zake zote zimebaki ukutani hazina wa kuzishona. Lakini Msoma Mita hakuandika Bondeni. Mita inaandikwa ilivyo. Angekuwa ameamini ni Mlimani, angeandika Mlimani, na Mlimani imekwisha kukataliwa. Basi kilichobaki ni nini? Kilichobaki kilikuwa kimoja, na kilikuwa hakiwezekani, kwa sababu kama kilikuwa hivyo, basi amelala kitanda kimoja na mtu aliyekuwa akijua, miaka yote hiyo, na hakuwahi kumtania nalo hata siku waliyogombana.

Siri ya mtungi, muulize kata. Yeye alijiona mtungi uliofunikwa vizuri. Hakuwahi kufikiria kata.

Aliogopa kuliko alivyoogopa kisu cha daktari. Hakuwahi kulitamka neno lile kwa sauti, hata akiwa peke yake.

"Sauti haitoki nje?" akauliza.

"Haitoki, mama."

"Hata kwa binti yangu?"

"Hata kwa binti yako. Utakachomwambia wewe, hilo ni lako."

"Basi niulize."

"Shule ya kwanza uliyosoma ni ipi?"

"Sikusoma."

Afisa aliinua macho. "Nimeuliza shule, mama. Jina la shule."

"Nimesikia ulichouliza. Sikusoma shule. Sijui kusoma. Andika hivyo hivyo."

"Una uhakika? Ni mara moja."

"Sina uhakika na kitu chochote leo," Mama Mafundo akasema, na machozi yakamshuka bila ruhusa. "Lakini hilo ni kweli."

Afisa akaandika. Akabonyeza. Kompyuta ikafikiri, nayo ilichukua muda wake kana kwamba hakuna mtu anayengoja. Kisha afisa akasogeza miwani yake, akasoma kioo, akakisoma tena.

"Nimekosa," Mama Mafundo akasema.

"Hapana, mama." Sauti ya afisa ilikuwa imebadilika. "Ni wewe. Jalada limefunguka. Hospitali wanapata uthibitisho sasa hivi."

Mama Mafundo aliishika meza kwa mikono miwili.

"Kilichoandikwa humu ni chako," afisa akaendelea, "na una haki ya kukijua. Nikusomee?"

Alitikisa kichwa kukubali. Afisa akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akasoma polepole:

"Hakusoma shule. Tafadhali asiulizwe mbele za watu."

Ni hilo tu lililokuwa limeandikwa. Ombi lile lilikuwa limefungiwa ndani, nyuma ya swali lenyewe, mahali ambapo asingeweza kulisoma mtu mpaka swali liwe limekwisha kuulizwa. Afisa alilieleza hilo kwa aibu kidogo, akisema namna jalada linavyofanya kazi. Mama Mafundo hakumsikiliza. Alikuwa akijaribu kumpanga upya mumewe, siku kwa siku, vuta kwa sukuma, na kila siku aliyoishika ilikuwa imegeuka. Alitaka kumkasirikia. Kwa nini hakusema? Angekuwa amepumzika. Wangekuwa wamecheka. Angeweza hata kumfundisha. Kisha akakumbuka jinsi alivyokuwa mkali siku ile ya pini, na jinsi ambavyo angemjibu, na hakujua tena amkasirikie nani. Alilia mpaka afisa akatoa karatasi laini kwenye droo, akamwachia boksi zima.

Nje, Mwalimu aliruka kutoka kwenye benchi.

"Umesema Bondeni?"

"Imekubali," mama yake akajibu.

"Nilikwambia! Nilijua tu, baba na haraka zake."

Walitembea ukumbi mzima, Mwalimu akipanga kwa sauti nani atakayelala naye hospitali na nguo gani zibebwe. Wakafika kwenye mlango wa kioo. Mlinzi alikuwa kwenye kiti chake. Mama Mafundo alisimama kando kama kawaida, akafungua mkoba kujifanya anautafuta ufunguo. Akaufunga mkoba.

Hakuna aliyemlazimisha. Afisa alikwisha kumwambia: hilo ni lako. Angeweza kulirudisha nyumbani lilivyokuja, na binti yake angeendelea kumsifu baba mwenye haraka asiyejua shule ya mkewe.

"Kimeandikwa nini hapo?" akauliza, akionyesha kibandiko.

"Wapi? Hapo?" Mwalimu alishangaa. "Mama, macho yako leo mbona..."

"Si macho, mwanangu. Sijui kusoma. Sikusoma Mlimani wala pengine popote. Nilikuwa napita tu dirishani."

Mlinzi aligeuka akatazama barabarani kwa makini sana.

"Lakini baba..."

"Baba yako alijua," Mama Mafundo akasema. "Nisomee."

Mwalimu akamshika mama yake mkono, akakipeleka kidole chake kilicholainishwa na sindano mpaka kwenye kile kibandiko, akakitembeza chini ya herufi moja baada ya nyingine, akasoma:

"Sukuma, mama."

Mama Mafundo akausukuma.